Bournville: Kiwanda Kilichojengwa Bustanini

Bournville ni kitongoji kilicho kusini mwa jiji la Birmingham, Uingereza. Kilianza mwaka 1879 kama kiwanda cha kakao na chokoleti cha ndugu wawili, Richard na George Cadbury, na kufikia mwaka 1900 kandokando ya kiwanda hicho palikuwa na kijiji chenye bustani, viwanja vya michezo na nyumba za wazee. Makopo ya kakao yenye jina la ukoo huo yameingia hata katika makabati ya jikoni ya Afrika Mashariki, lakini habari za watu walioyajaza hazijulikani sana huku kwetu. Ni habari za waajiri waliomhesabu mfanyakazi kuwa jirani yao kwanza, na za mahali pamoja ambapo ujirani huo ulichelewa kufika.

Baba yao, John Cadbury, alifungua duka katika mtaa wa Bull Street, Birmingham, mwaka 1824. Aliuza chai, kahawa na kakao. Alikuwa muumini wa Jumuiya ya Marafiki, Wakristo wanaoitwa kwa kawaida Waquaker, ambao hawali kiapo, hawaendi vitani na humwona kila mwanadamu kuwa na nuru ya Mungu ndani yake. Milango ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge ilikuwa imefungwa kwao kwa vizazi vingi, hivyo vijana wao wenye vipaji waliingia katika biashara. Huko nako hawakuachwa wafanye watakavyo. Waumini wenzao waliwachunguza, na aliyefilisika kwa uzembe au hila aliweza kutengwa na jumuiya. Kakao iliwavutia kwa sababu ya msimamo wao dhidi ya ulevi: kikombe cha kakao ya moto kilikuwa kinywaji cha kumpa maskini badala ya glasi ya jini. John alianza kutengeneza kakao mwenyewe mwaka 1831, na baadaye akahamia kiwanda kikubwa zaidi katika mtaa wa Bridge Street.

Mkewe, Candia, alifariki mwaka 1855. Mume alidhoofika na biashara ikadhoofika naye. Wanawe walipoichukua mwaka 1861, Richard akiwa na miaka 25 na George 21, wafanyakazi walikuwa wamebaki kumi na wachache. Kila mmoja aliingiza pauni 4,000, urithi wa mama yao, na kwa miaka kadhaa fedha hizo ziliyeyuka mbele ya macho yao. Walikuwa wamekwisha kuwaza pa kukimbilia: George aende kulima chai katika milima ya Himalaya, Richard awe mpima ardhi. Mwaka 1864 hesabu ilionyesha faida ndogo kwa mara ya kwanza.

Kilichowaokoa ni bidhaa safi. Kakao ya zamani ilikuwa na mafuta mengi, na watengenezaji waliyafunika kwa wanga wa viazi, sago, unga na shira. George alikiri baadaye kwamba kinywaji chao wenyewe kilikuwa na sehemu moja tu ya kakao katika kila sehemu tano. Mwaka 1866 ndugu hao waliingiza mashine ya Kiholanzi ya kukamua mafuta, wakaanza kuuza unga wa kakao usiochanganywa na kitu. Serikali ilipotunga sheria dhidi ya vyakula vya kughushi katika miaka ya 1870, wao walikuwa tayari wameweka usafi wa bidhaa mbele katika matangazo yao. Maagizo yakaongezeka, na Bridge Street pakawa padogo.

Yaliyokuja kuchanua Bournville yalipandwa Bridge Street, wakati wamiliki hawakuwa na fedha za kugawa. Kulikuwa na sala fupi na usomaji wa Biblia asubuhi, wakubwa na wadogo chumba kimoja. Mfanyakazi akiugua, mmoja wa ndugu alikwenda kumjulia hali nyumbani kwake. Kazi za Jumamosi zilikatizwa mchana, jambo ambalo viwanda vichache vya Birmingham vilikuwa vimelifanya. Ni rahisi kuyadharau mambo hayo kwa udogo wake, lakini kampuni nyingi huanzia kwenye jengo zuri na mashindano ya mpira, kisha zikashangaa kuona watu wao bado wana uso wa kazi. Hapa watu walitangulia kufahamiana, majengo yakafuata.

Shule nyingine ya George Cadbury ilikuwa darasa la kisomo cha watu wazima katika mtaa wa Severn Street. Alianza kufundisha huko akiwa kijana wa miaka kama ishirini, akaendelea kwa zaidi ya nusu karne. Kila Jumapili aliamka kabla ya mapambazuko ili awafundishe wanaume wa kazi za sulubu kusoma, kuandika na kuielewa Biblia. Baadhi walikuwa walevi, baadhi walikwisha kufungwa jela. Aliwafuata makwao, akaona nyua zisizoingia jua, vyoo vilivyotumiwa na familia nyingi, na vyumba ambamo watoto walikohoa mwaka mzima. Kutokana na ziara hizo aliamini kwamba mahubiri hayamfai kitu mtu anayerudi jioni kwenye shimo la namna hiyo, na kwamba palipo na bustani ya kulima, mvuto wa baa hupungua. Sera yote ya Bournville ilitokana na darasa hilo la alfajiri.

Mwaka 1878 ndugu hao walinunua ekari 14 na nusu za malisho, maili nne hivi kutoka katikati ya jiji. Wafanyabiashara wenzao waliona ni wazimu kukipeleka kiwanda kondeni. Eneo lilikuwa karibu na reli na mfereji wa majahazi, na kijito kilichoitwa Bourn kilipita hapo. Jina Bournville liliundwa kutokana na kijito hicho, likapewa mwisho wa Kifaransa kwa kuwa chokoleti za Ufaransa ndizo zilizosifiwa wakati huo. Uzalishaji ulihamia huko mwaka 1879.

Tangu siku za kwanza kulikuwa na jiko la kupashia chakula, chumba cha kubadilishia na kukaushia nguo, kiwanja cha wanaume cha kriketi na kandanda, na bustani ya wasichana yenye bembea. Kampuni ya reli ilikubali kuwapunguzia wafanyakazi nauli. Nyumba kumi na sita zilijengwa kwa wasimamizi. Mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa mazoezi ya viungo na jengo la michezo la wanaume vilikuja baadaye, sambamba na kuongezeka kwa faida. Idadi ya wafanyakazi, ambayo ilikuwa mamia mwaka wa kuhama, ilipita 2,600 kufikia mwisho wa karne, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake na wasichana.

Hapo ndipo swali la makazi lilipojitokeza tena. Kiwanda kimoja katikati ya uwanda wa kijani huvuta wajenzi wenye pupa, na George aliogopa kuiona mitaa ya Severn Street ikizaliwa upya nje ya lango lake. Mwaka 1893 alinunua ekari nyingine 120 kwa fedha zake, na mwaka 1895 akamkabidhi kazi William Alexander Harvey, msanifu majengo ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 25. Masharti yalikuwa ya wazi. Nyumba isichukue zaidi ya robo ya kiwanja chake. Kila nyumba iwe na bustani, na bustani hiyo ilimwe na kupandwa miti ya matunda kabla mpangaji hajaingia. Barabara ziwe pana na zenye miti. Baa isiwepo. Harvey alichora nyumba ndogo za matofali zilizotofautiana sura, hivyo mtaa haukuonekana kama safu ya vibweta. Uchunguzi wa mavuno ulionyesha kwamba bustani moja ilitoa mboga na matunda ya thamani ya karibu shilingi mbili kwa wiki, fedha iliyosaidia sana kulipia kodi ya nyumba. Watoto wachanga walikufa kwa uchache zaidi kuliko katika mitaa ya katikati ya Birmingham.

Jambo la kushangaza ni kwamba nyumba hizo hazikuwa za wafanyakazi wa Cadbury peke yao. Msomaji anayezijua layini za mashamba ya chai au landi za reli atauona uzito wa jambo hili. Katika layini nyumba ni mali ya mwajiri, na anayepoteza kazi hupoteza paa siku hiyohiyo. Nyumba inakuwa kamba ya kumfungia mtu. Bournville ilifunguliwa kwa fundi, karani na kibarua wa kiwanda chochote, na wengi wa wapangaji wa mwanzo walifanya kazi kwingine. George hakutaka kijiji kiwe uwanja wa nyuma wa kiwanda chake.

Alijifunza pia kutokana na kosa. Nyumba za mwanzo ziliuzwa kwa hati za upangaji wa miaka 999, na George mwenyewe akawakopesha wanunuzi. Baadhi yao walizigeuza na kuziuza kwa faida kubwa, na maskini waliokusudiwa wakasukumwa pembeni. Desemba 1900 alibadilisha mpango mzima: aliitoa ardhi yote, ekari 330 na nyumba zaidi ya 300, ikawa wakfu unaoitwa Bournville Village Trust. Hakujibakizia haki ya umiliki, wala wanawe hawakurithi kitu humo. Kodi zote zilirudi kutunza nyumba na kujenga nyingine. Kwa wasomaji wa pwani wanaojua maana ya mali iliyowekwa wakfu, isiyouzwa wala kurithiwa, tendo hilo halihitaji maelezo marefu.

Richard hakuuona mwaka huo. Alifariki mwaka 1899 akiwa Jerusalem, kwa ugonjwa wa dondakoo. Alikuwa mtu wa sadaka za kimyakimya kuliko ndugu yake. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake alijenga karibu na kiwanda nyumba 33 za wazee, zikizunguka uwanja wa majani kama ua wa nyumba moja kubwa, na kuziwekea mapato ya kuziendesha. Jumba lake la Moseley Hall alikwisha kulitoa liwe mahali pa watoto wagonjwa kupata nafuu. Baada ya msiba ubia uligeuzwa kuwa kampuni, George akawa mwenyekiti, na watoto wa ndugu wote wawili, Barrow na William upande wa Richard, Edward na George mdogo upande wa George, wakawa wakurugenzi.

Kizazi hiki kipya kilileta utaratibu mahali palipokuwa na ukarimu wa mtu na mtu. Mwaka 1902 kilianzishwa kisanduku cha mapendekezo, chenye zawadi kwa mfanyakazi aliyetoa wazo la kuboresha kazi, na jarida la kiwanda likaanza kuchapishwa. Daktari na daktari wa meno waliajiriwa. Mwaka 1906 ulianzishwa mfuko wa pensheni, kampuni ikautia pauni 60,000. Vijana walio chini ya miaka 18 walitakiwa kuhudhuria masomo ya jioni na mazoezi ya viungo, na kuanzia mwaka 1913 walikwenda shuleni mchana, ndani ya saa za kazi. Mwaka 1918 zikaja halmashauri za kiwanda, moja ya wanaume na moja ya wanawake, ambamo wawakilishi waliochaguliwa na wafanyakazi walikaa meza moja na wawakilishi wa menejimenti. Edward Cadbury aliieleza falsafa ya mambo haya katika kitabu alichochapisha mwaka 1912. Alishikilia kwamba ustawi wa mfanyakazi na ufanisi wa kiwanda ni pande mbili za kitu kimoja, na kwamba huduma za ustawi haziwezi kuwa badala ya mshahara unaostahili.

Hisani nayo ilipita mipaka ya kiwanda. George na mkewe Elizabeth waliufungua uwanja wa nyumba yao kwa watoto wa mitaa ya mabanda ya Birmingham, ambao walikuja kwa maelfu kila kiangazi kunywa chai na kukimbia kwenye nyasi, wengine wakiona uwanda wa majani kwa mara ya kwanza. Ziara hizo hazikuwa siri kwa wafanyakazi. Walijua fedha za kakao waliyoifunga kwa mikono yao zinakwenda wapi, na fahari ya Bournville ilitokana pia na kujua huko.

Haifai kuipaka sukari picha hii. Wanaume na wanawake waliingia kwa milango tofauti na kufanya kazi katika vyumba tofauti. Mwanamke aliyeolewa alilazimika kuacha kazi. Alipewa Biblia na ua, akaagwa. Wakubwa waliamua kwamba kijiji kisiwe na baa, na kwamba kijana afanye mazoezi ya viungo. Malezi ya namna hiyo yana upendo ndani yake, lakini ni upendo wa baba anayejua kila kitu, na ndiyo maana kuja kwa halmashauri za mwaka 1918 kulikuwa na maana kubwa kuliko mabwawa yote ya kuogelea.

Jaribio zito zaidi lilitoka mbali na Birmingham. Sehemu kubwa ya mbegu za kakao za Bournville ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vya Ureno katika Ghuba ya Guinea. Mwaka 1901 William Cadbury alisikia kwamba wanaochuma kakao huko ni watumwa, na haukupita muda akaletewa tangazo la shamba lililouzwa pamoja na vibarua wake, ambao thamani yao ilikuwa imeandikwa kama ya mifugo. Kisheria watu hao walikuwa na mkataba wa miaka mitano. Kwa hakika walitekwa au kununuliwa Angola, wakatembezwa hadi pwani, wakasafirishwa visiwani, na karibu hakuna aliyerudi kwao.

Kwa Waquaker hili halikuwa jambo dogo. Jumuiya yao ilikuwa imepigana na biashara ya watumwa tangu karne ya 18. Sultani Hamud bin Muhammed alipoiondolea utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, Waquaker wa Uingereza walikwenda Pemba, wakanunua shamba la mikarafuu huko Banani na kuwaajiri walioachwa huru kwa ujira. Miaka mitano baadaye wenzao kutoka Marekani walianzisha misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ambayo imezaa mojawapo ya jumuiya kubwa kabisa za Waquaker duniani. Basi wakati Marafiki wakiwalipa ujira walioachwa huru wa Banani, kiwanda cha Marafiki kilikuwa kikinunua kakao iliyochumwa na watu wasiokuwa huru.

Familia ya Cadbury haikunyamaza, lakini ilikwenda polepole. William alisafiri hadi Lisbon mwaka 1903 kuzungumza na wakuu wa Ureno na wenye mashamba. Mwaka 1905 mjumbe wa kampuni, Joseph Burtt, baada ya kujifunza Kireno, alitumwa kuchunguza São Tomé, Príncipe na Angola. Mwandishi Henry Nevinson alikuwa amekwisha kupita njia hizo na kuchapisha habari za kutisha mwaka 1906. Burtt alirudi mwaka 1907 na ushahidi uleule. Serikali ya Uingereza iliiomba kampuni isubiri huku mazungumzo na Ureno yakiendelea, nayo ikasubiri, ikiendelea kununua. Hoja yao ilikuwa kwamba mnunuzi ana sauti, na akiondoka sokoni sauti hiyo inapotea. Machi 1909, baada ya William kwenda Afrika kujionea mwenyewe, ndipo Cadbury, pamoja na kampuni nyingine za Waquaker za Fry na Rowntree, zilipotangaza kuisusia kakao ya São Tomé.

Gazeti la Standard lilikuwa limeandika mwaka 1908 kwamba Cadbury wanawajali wafanyakazi weupe wa Bournville na kufumbia macho watumwa wa Afrika. Kampuni ilishtaki kwa kuchafuliwa jina, na kesi ikasikilizwa Birmingham mwishoni mwa mwaka 1909. Wakili wa gazeti, Edward Carson, alimbana William kuhusu miaka ile ya kununua huku akijua. Baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kampuni imekashifiwa, kisha likaipa fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki kwa pande zote mbili. Cadbury hawakuwa wanafiki, lakini miaka minane ni mirefu kwa mtu aliyefungwa shambani.

Kakao mpya ilipatikana Gold Coast, Ghana ya leo, kwa wakulima Waafrika waliolima ardhi yao wenyewe. Inasimuliwa kwamba Tetteh Quarshie alileta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po na kuzipanda Mampong mwishoni mwa miaka ya 1870, wakati uleule matofali ya Bournville yalipokuwa yakipangwa. Katika miaka michache baada ya ususiaji wa 1909, Gold Coast iliongoza dunia kwa kuuza kakao nje.

George Cadbury alifariki Oktoba 1922. Watu wapatao 16,000 walikusanyika kwenye uwanja wa kijiji kumkumbuka, wafanyakazi wake pamoja na wale waliokuwa watoto katika karamu za chai. Kampuni iliungana na Schweppes mwaka 1969. Mwaka 2010 ilinunuliwa na Kraft ya Marekani, na siku chache baada ya ununuzi ikatangazwa kwamba kiwanda cha Somerdale karibu na Bristol kitafungwa, ingawa wafanyakazi walikuwa wameahidiwa kinyume chake. Hisa za Cadbury zilikuwa za kuuzwa, na ziliuzwa.

Kijiji hakikuuzwa. Bournville Village Trust bado ni wakfu, leo una ekari zipatazo 1,000 na nyumba karibu 8,000, na kodi ya kila nyumba inaendelea kutunza nyumba nyingine.